Wino wa biki kwenye chukudu ndogo ya mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vichezeo vya mbao vilivyopakwa rangi: gari, ndege, wanyama, sanduku la herufi. Mfano unaorudi mara nyingi ni chukudu ndogo ya mtoto, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, ile inayofanana na chukudu kubwa za kubebea makala (makaa) na viazi hapa Goma, kwa sababu ina kila kinachosumbua mahali pamoja: rangi, mbao tupu na mpira wa gurudumu.

Mtoto ameandika sasa hivi. Nifanye nini kabla ya kusoma mengine?

Usisugue. Wino wa biki, yaani kalamu yenye kijipira nchani, ni uji mzito wenye mafuta, si maji. Ukiusugua ungali mbichi unautandaza na kuusukuma ndani ya rangi. Weka karatasi laini ya choo juu ya mstari, bonyeza kwa kidole sekunde 3, inua wima, geuza upande safi, rudia mpaka karatasi isipate tena bluu. Kisha weka kichezeo mbali na jua na mbabula (jiko la makaa), maana joto hulainisha rangi na wino pamoja. Baada ya hapo huna haraka. Wino wa jana na wa wiki iliyopita hutoka kwa juhudi karibu ileile. Ule wa miaka ndio mgumu, kwa kuwa umekauka hadi ndani na sehemu yake imekwisha kuzama kwenye rangi.

Ni dawa gani hasa inayotoa wino wa biki?

Alkoli. Ila alkoli hiyohiyo huyeyusha pia baadhi ya rangi na verni (vanishi), na hapo ndipo vichezeo vingi vinapoharibikia. Kabla ya kutafuta dawa ya wino, tafuta kujua chukudu yako ilipakwa nini. Aliyejua hilo humaliza kazi kwa nusu saa. Asiyejua hubaki na chukudu isiyo na wino wala rangi.

Nitajuaje ilipakwa rangi gani? Fundi aliyeitengeneza simjui.

Kwa majaribio mawili mahali pasipoonekana: chini ya ubao wa kuwekea goti, au nyuma ya gurudumu la mbele. Fanya kwa kila rangi peke yake, kwa sababu nyeusi inaweza kustahimili huku nyekundu ya jirani yake ikiachia mara moja. Nyekundu na zambarau ndizo za kutiliwa shaka kwanza.

Jaribio la kwanza ni la maji. Lowesha kipande cha kotoni, kamua mpaka kisidondoshe, kishike juu ya rangi sekunde 30 kisha kizungushe kidogo. Kotoni ikipata rangi, una rangi ya gundi au ya shuleni isiyofunikwa na verni. Hiyo haistahimili kitu chochote kilicholowa. Ruka moja kwa moja hadi maelezo ya kifutio, ndani ya swali la rangi ya maji hapo chini.

Maji yasipochukua kitu, rudia kwa alkoli ya digrii 70 kwa sekunde 10 tu. Tazama kotoni, kisha gusa rangi kwa ncha ya kucha. Kotoni ikiwa safi na rangi ikiwa ngumu kama mwanzo, ilipakwa rangi ya mafuta, ile inayopakwa pia kwenye milango ya chuma na madirisha, nayo imekauka vizuri. Hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote. Kotoni ikipata rangi, ilipakwa rangi ya maji, ile ya kuta. Uso ukinata kama pipi iliyolambwa bila kutoa rangi, juu yake kuna verni inayoyeyuka kwa alkoli. Mafundi wa samani hupaka verni ya namna hiyo kwa kitambaa, na hapo alkoli imekatazwa kabisa.

Rangi ya mafuta iliyopakwa chini ya mwezi mmoja uliopita ihesabu kuwa dhaifu hata kama imefaulu jaribio. Kwenye unyevu wa Goma, rangi ya tabaka nene hukauka juu mapema huku chini ikibaki laini kwa wiki kadhaa.

Je, aina ya kalamu ina tofauti?

Kubwa sana. Tukisema biki tunamaanisha kalamu yoyote yenye kijipira nchani, hata kama haikutoka kwa Marcel Bich, ambaye Bic Cristal yake ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Wino wake huyeyuka kwa alkoli na hausogezwi na maji. Fetre za watoto za kuchorea ni za maji. Kitambaa chenye sabuni kidogo kinatosha. Marka isiyofutika, ile ya kuandikia magunia na makatoni, harufu yake kali yakuambia yenyewe kuwa ina alkoli, na kwa alkoli ndiyo hutoka.

Kalamu ya jeli ndiyo yenye kiburi. Andiko lake huonekana kama la biki, ila wino ni wa maji wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, na ukishakauka alkoli haiupati. Njia yake ni sabuni mapema iwezekanavyo, kisha kifutio. Kama hujui ni kalamu gani, gusa mwisho wa mstari kwa kotoni yenye alkoli: biki huachia bluu papo hapo, jeli hukaa kimya.

Nianze kwa kufuta vumbi?

Ndiyo, kwa brashi, wala si kwa kitambaa. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagwa, pamoja na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji. Chembe zake ni ngumu kuliko rangi yoyote. Ukipitisha kitambaa kabla ya kuziondoa, umepitisha msasa, na mikwaruzo utakayoiona baadaye utamlaumu nayo bure alkoli. Brashi laini ya rangi ya sentimita 2 inafaa. Pulizia kwenye mashimo ya misumari na pale gurudumu linapokutana na ekseli yake.

Baada ya brashi, osha kwa maji vuguvugu: glasi moja ya mililita 250 na matone 2 ya sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ya kipande ya kufulia ni kali mno kwa rangi, hufifisha mng'ao. Tumia kotoni iliyokamuliwa, kisha kotoni yenye maji matupu, kisha kitambaa kikavu, yote ndani ya dakika moja. Maji ya ziwa yaepuke hapa. Ziwa Kivu lina chumvi na magadi, na yakikaukia juu ya rangi nyeusi huacha ukungu mweupe. Maji ya mvua yaliyochujwa yanatosha. Usitumbukize kichezeo majini hata kidogo: mbao hunywa kupitia vichwa vyake vilivyokatwa, huvimba, na rangi hupasuka kando ya viungo siku mbili baadaye.

Rangi yangu imefaulu majaribio yote mawili. Nifanyeje sasa, hatua kwa hatua?

Tayarisha alkoli ya digrii 70 ya farmasi, kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa ya maji. Mistari michache haihitaji zaidi. Tayarisha vijiti vya masikio 20 hadi 30, au viberiti vilivyoviringishiwa kotoni, na kitambaa cheupe kikavu. Kaa karibu na dirisha lililo wazi. Mbabula iwe imezimwa au iwe nje ya nyumba: mvuke wa alkoli ya digrii 70 unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi, na mchana wa Goma ni joto kuliko hapo.

Chovya kijiti, kisha kikamue kwenye kitambaa mpaka kisiache tone kikiguswa kwenye karatasi. Hatua hii ndiyo watu hawaitilii maanani, na ndiyo inayoleta madoa mapana. Weka kijiti mwanzoni mwa mstari na ukizungushe juu yake kama gurudumu, bila kukiburuta. Sentimita moja kwa sekunde 2 au 3. Pitisha mara moja kijiti kikavu mahali palepale ili kinyonye wino ulioyeyuka kabla haujatua tena. Tupa vyote viwili. Kijiti kilichokwisha kubeba wino kikirudishwa kinapaka.

Endelea kwa sentimita inayofuata. Ukimaliza mstari wote subiri dakika 5, rangi ipate kukaza tena, kwa maana hata rangi ya mafuta hulainika kidogo. Mzunguko wa pili huondoa zaidi. Kwa kawaida mizunguko 3 au 4 inatosha. Ukifika wa 6 na bado kuna kivuli, acha mpaka kesho yake. Kotoni ikianza kupata rangi ya kichezeo chenyewe, hata kidogo, umefika mwisho wa kazi iwe wino umeisha au haujaisha.

Digrii 70 au 90?

Anza na 70. Maji yaliyomo huipunguzia kasi ya kukauka, kwa hiyo hupata muda wa kuyeyusha wino, na hailainishi rangi kama ya 90. Ya 90 itumie kwa mabaki tu, kwa miguso ya sekunde moja. Jeli ya kusafishia mikono ni mbadala mzuri pale uso ulipo wima, kwa kuwa haitiririki: paka tabaka jembamba juu ya mstari tu, hesabu sekunde 15, ondoa kwa kotoni, futa kwa maji. Ikiwa na manukato au mafuta ya ngozi huacha utando, nao hutoka kwa sabuni.

Na kanyanga, pombe kali ya kienyeji?

Hapana. Hakuna anayejua digrii zake, hata aliyeipika.

Rangi yangu ni ya maji. Nimekwisha?

Hujakwisha, lakini punguza matarajio. Anza na mafuta ya kupikia au Vaseline: tone dogo juu ya mstari, dakika 10, kisha zungusha kotoni kavu. Mafuta hulegeza wino wa biki bila kugusa rangi, ingawa polepole. Rudia mara 3 au 4, halafu ondoa mafuta kwa maji yale ya sabuni. Usiyatumie pale rangi ilipopasuka au kubanduka, kwa sababu yataingia kwenye mbao na kuacha doa lenye giza.

Kisha kifutio cheupe cha plastiki, kile laini cha wachoraji. Kata kona mpya kwa wembe, futa kwa mwelekeo mmoja, viharusi vifupi, huku ukipeperusha mabaki. Kifutio cha bluu na nyekundu cha wanafunzi kina mchanga ndani ya upande wa bluu, ule wa kufutia wino. Huo ni msasa. Kwa rangi ya shuleni isiyostahimili maji, kifutio cheupe ndicho chombo pekee tunachokipendekeza, na hapo mstari hufifia tu, hauishi.

Na mate? Msicheke. Mafundi wa kuhifadhi sanaa huyatumia kwenye picha za rangi, kijiti kilicholowa mate kidogo, kwa kuwa yana vimeng'enya na ni laini kuliko sabuni. Kwa wino wa biki hayafanyi kitu, ila kwa uchafu wa mikono unaouzunguka yanafaa.

Nimesikia dawa ya meno, limau, maziwa, Javel (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe), asetoni. Kipi ni kweli?

Dawa ya meno hutoa wino kweli, kwa kusaga. Ndani yake mna unga wa chokaa au silika, kwa hiyo hutoa wino pamoja na mng'ao, na hubaki kidoa butu kinachoonekana kila taa inapowaka. Ikubalike tu kwenye rangi isiyong'aa, ya mafuta, tena ile nyeupe isiyo ya jeli, kiasi cha punje ya mchele, kwa kidole, sekunde 20.

Limau na maziwa havifanyi kitu kwa wino wa biki. Maziwa huongeza harufu.

Asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha, dilua ya rangi na mafuta ya gari: hapana kwa vyote. Asetoni hulainisha karibu kila rangi ya kichezeo kwa sekunde chache, na wino ulioyeyuka huzama ndani ya rangi iliyolainika. Ukishakauka hapo hautoki tena.

Javel hufifisha wino, lakini hufifisha na rangi, huacha chumvi ndani ya mbao, na husimamisha nyuzi zake. Kuna hatari kubwa zaidi: usiichanganye na alkoli, wala na limau au siki. Kwa tindikali hutoa gesi ya klorini. Kwa alkoli hutengeneza vitu vyenye sumu, klorofomu ikiwamo. Mtu aliyejaribu alkoli ikamshinda, kisha akamimina Javel juu yake chumbani, anajitafutia hospitali.

Doa limekuwa pana kuliko mstari wa mwanzo. Kwa nini?

Kijiti kilikuwa kimelowa mno. Alkoli ilikimbia na wino, ikakauka, ikauacha pembezoni kama ufuo. Rudi na vijiti vilivyokamuliwa, anzia ukingo wa nje ukielekea katikati, kavu baada ya kila mguso. Doa jipya la namna hii hutoka vizuri, maana wino wake ni mwembamba.

Mstari umechimba. Wino umo ndani ya mfereji.

Kijipira cha chuma hubonyeza rangi na mbao laini, na kijiti cha sikio hupita juu bila kugusa chini. Chukua kijiti cha meno, kiviringishie nyuzi chache tu za kotoni, kiloweshe alkoli kidogo, kipitishe kwenye mfereji kwa urefu wake. Mfereji wenyewe utabaki, na ukipigwa mwanga wa kando utausoma. Mvuke wa pasi, ambao maseremala huinulia mbao tupu zilizobonyea, usiutumie juu ya rangi: huibandua.

Kimebaki kivuli cha bluu kisichotoka.

Hicho kimo ndani ya rangi, hakiko juu yake, na kila dawa itakayokifikia itapitia kwenye rangi kwanza. Unaweza kukiacha, kwa maoni yetu hilo ndilo jibu sahihi mara nyingi kuliko watu wanavyotaka kusikia. Unaweza pia kuliachia jua. Baadhi ya rangi za zambarau zinazotiwa kwenye wino wa biki ni dhaifu mbele ya mwanga. Funika kichezeo chote kwa karatasi ya aliminyumu, kata tundu la ukubwa wa kivuli, weka nyuma ya kioo cha dirisha, kagua kila baada ya siku 3. Tarajia wiki kadhaa. Zambarau huondoka kwanza, na wakati mwingine hubaki bluu yenye ukijani, ambayo ni sugu. Rangi iliyo chini ikianza kupauka, simamisha.

Na mbao tupu, isiyo na rangi?

Alkoli hapa hutandaza wino ndani ya nyuzi. Kwenye mikaratusi na mbao nyingine ngumu wino hauendi mbali. Msasa namba 240 uliokunjiwa kipande cha mbao, kufuata nyuzi, viharusi 10 hadi 15, kisha namba 320. Kwenye mbao laini jaribu kwanza uji wa Maizena (wanga wa mahindi) na alkoli ya 90, mzito kama wa mtoto, unene wa milimita 3. Uache ukauke wenyewe, nao unavuta wino juu, kisha upeperushe kwa brashi. Mara mbili au tatu.

Gurudumu la mpira je?

Alkoli, sekunde chache, maji baadaye. Kotoni itapata weusi wa mpira; usidhani ni wino.

Kichezeo ni cha zamani sana. Naweza kupiga msasa kote na kupaka upya?

Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, njano, kijani na chungwa, zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, na hata baadhi ya rangi mpya zinayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi linalotua sakafuni, kwenye mikono ya mtoto na kwenye chakula. Basi usipige msasa mkavu. Rangi ikiwa nzima, ifunike. Ikiwa inabanduka na historia yake haijulikani, kichezeo kikae kabatini kama kumbukumbu, kisirudi kwa mtoto anayetia vitu mdomoni.

Nilipaka rangi nyeupe juu ya wino, ukatokeza tena.

Kimiminika cha rangi mpya kiliyeyusha wino na kuupandisha. Tabaka la pili na la tatu litafanya vivyo hivyo. Toa wino uwezavyo, acha siku moja, paka tabaka moja jembamba la rangi ya fedha ya aliminyumu juu ya doa tu, subiri saa 24, kisha rangi yako. Vijipande vya aliminyumu hulala kama magamba ya samaki na kuziba njia. Kwa rangi ya juu, chagua inayoandikwa kwenye kopo kuwa haina risasi.

Lini nimrudishie mtoto?

Baada ya kutumia alkoli peke yake: futa kwa maji, acha hewani usiku mmoja, na isinuke kabisa. Baada ya kupaka rangi ya mafuta: wiki 4, na kwa mtoto anayeng'ata, zaidi.

Maandishi yenyewe ni jina aliloliandika marehemu babu yake.

Basi usiyafute. Yalinde na jua.

Nifanye nini ili wino wa kesho utoke kirahisi?

Nta ya nyuki. Yeyusha gramu 10 ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, changanya na mililita 30 za mafuta ya kupikia, acha igande. Paka kidogo sana kwa kitambaa kwenye rangi safi na kavu, subiri dakika 20, ng'arisha. Biki ikipita juu yake wino hukaa kwenye nta, na hutoka na nta kwa kotoni yenye tone la mafuta. Rudia kila baada ya miezi 3 hivi. Sehemu ya mikono ya chukudu na ubao wa goti viache bila nta, la sivyo mtoto atateleza.